Uzi: Waandishi, watunzi na wachoraji mlioajiriwa hapa Dodoma, mnatunga saa ngapi?

KaraniWaMtumba (mleta mada)

Habari za jioni wakuu.

Nimesoma sana nyuzi za "amka saa kumi usiku ubadilishe maisha", na leo naleta yangu, maana ushauri ule naona haukumlenga mtu mwenye ajira, mke, watoto, jumuiya na kikao cha harusi kila Jumapili jioni. Mimi ni mhasibu kwenye wizara moja pale Mji wa Serikali. Naandika hadithi za watoto, na mashairi yakinijia. Kuandika sijaacha, kazi sijaacha, na nyumbani bado naitwa baba.

Hoja yangu ni kwamba kutunga kila siku ni kanuni ya mtu ambaye siku zake zinafanana. Zetu hazifanani.

Anzeni na kalenda ya kazi. Aprili mpaka mwisho wa Juni ni Bunge la Bajeti. Waliowahi kushika randama (kitabu cha maelezo ya bajeti ya wizara) wanajua ninachosema: fungu halijakaa sawa, kasma (kifungu kidogo cha matumizi) imezidi, kuna hoja ya mbunge inatakiwa kujibiwa kabla hakujakucha, na ukimaliza hayo unafunga mwaka wa fedha tarehe 30 Juni. Saa za serikali ni saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, lakini Mei ukimwona mhasibu anatoka saa 9:30 ujue anaumwa. Mtu akiniambia kipindi hicho niandike maneno 500 kila alfajiri, namtakia heri tu.

Njooni kwenye ibada. Kwaresima ina Njia ya Msalaba kila Ijumaa, na mwaka 2025 Kwaresima na Ramadhani viliingia wiki moja, mwanzoni mwa Machi. Kantini yetu mchana ilikuwa kama ya likizo. Halafu nyumbani: Januari ni ada na madaftari, Juni na Desemba watoto wamefunga shule na kila chumba kina mtu.

Nilichukua karatasi moja nikazipanga kalenda zote tatu juu yake. Nafasi ikaonekana yenyewe: kuanzia katikati ya Julai hadi Oktoba. Bajeti imepita, watoto wako shule, kanisani tuko kwenye kipindi cha kawaida. Huo ndio msimu wangu wa kuandika. (Mwaka wa uchaguzi una vurugu zake, lakini hata hivyo ni afadhali kuliko Mei.)

Wenyeji wa huku hawatashangaa. Mvua ya Dodoma ni moja kwa mwaka, inaingia mwishoni mwa Novemba au Desemba, Aprili imekata, na jumla yake mara nyingi haifiki milimita 600. Hakuna anayemwita mkulima wa Kigogo mvivu kwa sababu Julai hapandi. Julai anapura uwele, anaangalia vihenge, anasafisha shamba. Mimi pia kwenye bajeti sipandi. Naokota. Nina daftari dogo la mfuko wa shati, naandika jinsi mzee mmoja wa Chamwino alivyomgombeza mbuzi wake kana kwamba anamgombeza mkwe, au jina la mti, au swali la mwanangu kuhusu upepo. Sijengi hadithi. Nikijikuta nimeanza sentensi ya pili nafunga daftari narudi kwenye kasma. Ikifika Julai nafungua, na robo tatu ya yaliyomo ni takataka, lakini robo iliyobaki inatosha.

Na msiniambie sanaa ni ya wasio na kazi. Mathias Mnyampala, mtoto wa huku huku kwetu, aliyezaliwa mwaka 1917, alikuwa karani wa serikali na baadaye hakimu. Ndiye aliyezileta ngonjera tulizoghani sote shuleni, na ndiye aliyezitia Injili na Zaburi kwenye utenzi. Shaaban Robert naye alikuwa karani wa forodha. Nani kati yao alipewa likizo ya kutunga?

Karibuni. Nyie mnafanyaje?

---

Bwana_Zeze

Siti ya mbele. Nawasubiri mafundi.

---

MamaTangi

Uzi mzuri mleta mada, ila nina swali dogo. Hiyo Julai unapofungua daftari, nani anaogesha watoto?

Siulizi kwa ubaya. Mimi ni mwalimu wa sekondari na nachora picha za vitabu vya watoto. Nimesoma kalenda zako tatu nikaona nzuri sana, lakini hakuna mahali umeandika chakula kinapikwa na nani. Kalenda ya mama haina Julai wala Oktoba. Daftari la homa, la sare iliyochanika, la mgeni aliyefika bila taarifa, hilo halifungwi tarehe 30 Juni.

Mimi natunga saa nane usiku, na si kwa sababu nimesikia mhamasishaji. Mtaa wetu maji yanakuja kwa mgao, na zamu yetu ni usiku wa manane. Lazima mtu akae macho tangi lijae, la sivyo maji yanamwagika na asubuhi majirani wanasema. Basi nakaa jikoni na penseli. Tangi linachukua muda wake na hakuna anayeniita, kwa sababu wote wanajua mama yuko kwenye maji. Watu wanaomba mgao uishe, mimi nikiomba naomba kimoyomoyo tu.

---

Kijiwe_Sabasaba

Hahaha dada umenimaliza. "Mama yuko kwenye maji."

---

KaraniWaMtumba

MamaTangi, swali lako halikwepeki, na nimshukuru aliyekuleta.

Mke wangu ana cherehani. Msimu wake ni Desemba na Januari, sare za shule. Kipindi hicho sebule yote ni vitambaa vya bluu na kaki, simu yake haikauki, na mimi ndiye ninayesonga ugali, kufua na kupeleka watoto saluni. Julai mpaka Oktoba biashara yake inapoa, tunageuza. Hatukuliandika popote. Lilianza kwa mabishano, na kila mwaka tunabishana upya kidogo kuhusu nani anaanza lini. Wikiendi naandika kuanzia baada ya misa ya kwanza mpaka chakula cha mchana, mlango ukiwa wazi. Mtoto akiingia anaingia.

---

MamaTangi

Ugali sawa. Na mlenda je? Mwanaume anayejua mlenda ndiye nitamwamini.

---

KaraniWaMtumba

Mlenda bado naomba msaada.

---

Mtunzi_Besi

Mimi napinga hoja ya msimu, kwa heshima zote.

Natunga nyimbo za kwaya, Katoliki, na nimeajiriwa pia, sekta binafsi. Kwaya haina habari na kufunga mwaka wa fedha. Jumapili ina wimbo wake wa katikati, Majilio yana nyimbo zake, na mazoezi ni Jumanne na Alhamisi hata kama bosi wako amefiwa. Mwalimu wa kwaya akikuomba wimbo wa matoleo kwa ajili ya Jubilei ya parokia, anataka nota, hataki kusikia Oktoba.

Na hicho ndicho kilichoniweka hai. Kuna miaka nilikuwa na muda kuliko sasa, sijaoa, nakaa Area C, jioni zote zangu. Vilivyotoka vilikuwa vianzio tu, mistari minne minne, hakuna wimbo uliofika mwisho. Nilipopewa kwaya nikaanza kumaliza, kwa sababu watu wanakuja na madaftari wanakaa wanakutazama. Siku nyingine napeleka sauti ya kwanza na besi tu, nawaambia sauti za kati zinakuja Alhamisi. Zinakuja kweli, maana waimbaji wa sauti ya pili wakikaa bila kazi hawanisamehi.

Namna ninavyofanya: melodi naipata kwenye basi. Narekodi kwenye simu, naimba chini chini, abiria wa pembeni wanadhani nasali na wananiachia nafasi. Usiku nikitulia naandika kwa nota za d, r, m kwenye karatasi, nahakikisha maneno yanakubali. Hapo ndipo pana kazi. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiweka noti ndefu au ya juu kwenye silabi isiyokazwa, wimbo unasikika kama umeimbwa na mgeni. Kompyuta inakuja mwisho. Nilizoea Finale, programu ya kuandikia nota, na Agosti 2024 wenye programu yao wakatangaza kwamba hawaiendelezi tena, nikahamia MuseScore, ambayo ni ya bure. Mwezi ule wa mwanzo ulikuwa wa matusi, siku hizi tumezoeana.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mleta mada: tafuta mtu anayeisubiri hadithi yako wiki ijayo. Msimu utajipanga wenyewe.

---

KaraniWaMtumba

Naelewa, mkuu, ila hapo kuna tofauti ya kazi. Wimbo wa beti tatu unaingia kwenye wiki. Hadithi ndefu haiingii. Nikiipeleka vipande vipande kila Alhamisi, nitakuwa nafurahisha wasikilizaji wa Alhamisi na mwisho wa hadithi sitaujua.

---

Mtunzi_Besi

Hapo sikatai. Misa nzima ya sauti nne, kuanzia Utuhurumie mpaka Mwanakondoo, ilinichukua zaidi ya mwaka na niliandika karibu yote nikiwa likizo. Lakini nisingekuwa na zile nyimbo ndogo za kila wiki, mkono ungekuwa umekufa.

---

Abuu_Changombe

Assalaam alaykum wote.

Nauza vipuri vya pikipiki na naandika kaswida za madrasa. Naona saa kumi usiku inapigwa sana humu, niitetee kidogo. Sisi tunaamka Alfajiri kwa sababu ya sala, si kwa sababu ya mafanikio. Ukishaswali na hujarudi kulala, una muda mpaka duka lifunguliwe, na kuna dua ya Mtume (s.a.w.) ya kuuombea umma wake baraka katika asubuhi zao. Mimi nimeichukua hivyo hivyo. Juni na Julai baridi ya Dodoma inakukata masikio, unaandika na blanketi mgongoni, lakini akili iko safi.

Jambo jingine ni kwamba watu wanadhani sala tano zinakatakata siku. Kwangu ndizo zinazonimalizia kazi. Nikikaa baada ya Alasiri najua Magharibi inakuja na nitasimama, nipende nisipende. Nikiwa sina mwisho nazunguka na beti moja mpaka inachakaa.

Na la msimu namuunga mkono mleta mada nusu. Kaswida zina mwezi wake, Mfunguo Sita, Maulidi. Watoto wanaanza kujifunza mapema, kwa hiyo mimi lazima niwe nimemaliza kabla yao. Ramadhani siandiki kabisa. Nasoma tu. Si kwamba nachoka, ni kwamba mwezi ule sitaki maneno yangu yawe mengi.

---

Mchongoko_Ijumaa

Naomba niongee kwa niaba ya sisi tuliohamia Dodoma pamoja na makao makuu ya serikali, familia ikabaki Dar.

Mnaongelea kukosa muda. Mimi muda ninao. Natoka kazini, naingia chumbani Ilazo, hakuna mtoto, hakuna mgeni, hakuna anayeniuliza chumvi iko wapi. Mtu angesema hapo ndipo mchezo wa redio unaandikwa mpaka unamwagika. Wapi! Nakaa naangalia simu mpaka usingizi. Naandika michezo ya redio, na wahusika wangu walianza kuongea kama barua za ofisini, "tafadhali rejea mazungumzo yetu ya jana".

Kilichobadilika ni treni. Kabla ya Julai 2024 kwenda Dar ilikuwa basi, siku nzima imekwenda, unafika magoti hayakunjuki, kwa hiyo nilikuwa naenda kwa nadra. SGR, reli mpya ya kisasa, ilipoanza kufika Dodoma, safari ikawa kama saa tatu na nusu, nne, na ikaja ile mchongoko, treni yenye pua iliyochongoka. Sasa naenda wikiendi nyingi. Ijumaa nikienda silali wala siandiki, nachungulia tu nje. Jumapili nikirudi ndiyo naandika. Nimetoka kusikia watu wakigombana kuhusu rimoti, mama mkwe akimsema jirani, binti yangu akijaribu kudanganya na kushindwa. Mazungumzo yanakuja yamejaa mdomo. Tukiingia kwenye yale mahandaki ya Kilosa tayari nina onyesho moja.

Kwa hiyo anayesema "ningekuwa peke yangu ningeandika", aje Ilazo nimkabidhi funguo.

---

Mzee_wa_Buigiri

Vijana nawasikiliza.

Mama zetu wa Kigogo wanapiga ngoma ya muheme na kuimba, na hao hao ndio wanaolima, wanaotwanga na wanaolea. Hakuna aliyewahi kwenda kando kutafuta utulivu kwanza. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo ambaye Mwalimu Nyerere alimsikia akamwita, na baadaye akawa pale Chuo cha Sanaa Bagamoyo, zeze na ilimba hakuvipigia chumbani. Alipiga na wanawe na ndugu zake, na ndiyo maana alipofariki mwaka 2003 ukoo uliendelea kupiga.

Ninyi mnaficha kazi zenu watoto wasizione, halafu mnashangaa wanapowasumbua. Mtoto anasumbua kitu asichoruhusiwa kukiona. Mkaribishe, mpe kipande.

---

MamaTangi

Shikamoo Mzee. Hili nalichukua. Wangu mdogo nampa rangi anapaka majani. Nusu ya majani yangu siku hizi ni ya zambarau, na mchapishaji mmoja aliuliza kama ni zabibu. Nikasema ndiyo, hadithi ni ya Dodoma.

---

Mzee_wa_Buigiri

Marahaba mwanangu. Umejibu vizuri.

---

Binti_Miyuji

Samahani, mimi ni msomaji wa pembeni. Tatizo langu ni kanisani. Kwaya, maombi ya Jumatano, ushirika wa nyumbani, mkesha wa mwisho wa mwezi, kamati. Nashona mavazi ya ubunifu nikitoka kazini, na jioni za kushona zimekwisha. Nikikosa kikao kimoja naulizwa kama nimerudi nyuma kiroho. Unakataaje bila kuonekana mpagani?

---

Kijiwe_Sabasaba

Ongezea vikao vya harusi. Kuna mtu kaniweka kwenye kundi la michango la harusi ya binamu wa mpangaji mwenzie.

---

MamaTangi

Binti, usikatae zote na usikubali zote. Nilikuwa kamati ya mapambo, kamati ya chakula, kwaya ya akina mama na walimu wa watoto. Nikamwendea mchungaji mwenyewe, si katibu wala kiongozi wa kikundi, nikamwambia nabaki na watoto tu, lakini kila somo la Jumapili nitalichorea picha. Alifurahi kuliko nilivyotegemea. Makanisa yetu yamejaa watu wenye kipawa wanaopanga viti. Wewe unashona. Majoho ya kwaya nani anashona? Chukua hayo, acha mengine matatu, na ukiulizwa useme uko kwenye majoho.

Ukisema "nina shughuli zangu", hapo umekwisha.

---

Mzee_wa_Buigiri

Harusi unaweza kutuma mchango kwa simu. Msiba unakwenda mwenyewe. Hilo halina sanaa.

---

Kijiwe_Sabasaba

Sasa mniambie jambo moja wakuu. Hela ipo? Maana naona mnakesha na matangi, mnaimba kwenye mabasi, na sijasikia mtu akisema kajenga.

---

Mtunzi_Besi

Hela ya nota? Kwaya moja inanunua nakala, kwaya ishirini zinapiga fotokopi. Ukienda parokia ya mbali unakuta wanaimba wimbo wako, jina lako limekatwa juu na mashine.

---

KaraniWaMtumba

Kuna mlango mmoja halisi kwa wa riwaya na mashairi, nao ni Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi hutangazwa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu, na mshindi wa kwanza amekuwa akipata shilingi milioni 10. Nawajua waliopeleka miswada wakiwa watumishi kama mimi. Na kabla hujasambaza chochote, peleka COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kasajili, hasa ninyi wa nyimbo. Karatasi ile haizuii fotokopi, ila siku ya kudai haki yako unakuwa na pa kuanzia.

Kwa upande wangu sijajenga kwa hadithi. Nimelipia ada ya muhula mmoja, na mwanangu aliyelipiwa anajua ilitoka wapi. Anadai sasa asilimia.

---

Kijiwe_Sabasaba

Mpe. Huyo ndiye mhasibu wa kweli.

---

Abuu_Changombe

Bwana_Zeze uliyekaa siti ya mbele tangu mwanzo, wewe unafanya nini?

---

Bwana_Zeze

Dereva wa lori. Nachonga. Vinyago vidogo vya mti mgumu, nachonga nikisubiri zamu ya kupakia au kwenye mizani. Sikujua kama huku ndiko kunaitwa kutunga. Ila hili la Mzee la kumpa mtoto kipande, mimi wangu alijikata kidole, kwa hiyo tuchague vipande.

---

Mtunzi_Besi

MamaTangi, nimekumbuka. Natafuta mtu wa kunichorea jalada la kijitabu cha nyimbo za Majilio. Jumapili ya kwanza ya Majilio huangukia mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, kwa hiyo kwa mchapaji lazima kiwe kimefika mwisho wa Oktoba. Unachukua bei gani?

---

MamaTangi

Jalada la mbele na nyuma ni elfu 80, nusu kabla sijashika penseli. Ukitaka na picha ndogo za ndani tunaongea tena. Nota usinitumie, sizisomi. Nitumie maneno ya nyimbo zote, na unieleze ipi wanaimba wakiwa wanaingia.